Gari la Kwanza Lilijengwa Uani kwa Wakwe, la Baadaye Likaitangulia Porsche ya Kiwanda: Siri Ilikuwa Upepo

Leo sina umbea wa mastaa, nina umbea wa gari. Ila kuna mapenzi ndani yake, kuna mkopo wa mchumba, kuna watu kuacha kazi, na kuna vifo pia. Kwa hiyo tulieni.

Pasaka iliyopita nilikuwa natoka Dar naenda Moro. Kagari kangu nilikuwa nimetoka kukapiga bodikiti: bampa la mbele jipya, spoila nyuma, matundu ya urembo pembeni. Kwenye foleni ya Mbezi mshale wa temperecha ulitulia kabisa. Barabara ilipofunguka nikakanyaga mafuta, na mshale nao ukaanza kupanda. Karibu na Chalinze gari likachemsha, mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria ya makande, na watu wa kwenye mabasi wananichungulia.

Fundi wa kwanza akasema dawa ni kutoa themostati. Ikatolewa. Nikaondoka, kilomita chache mbele likachemsha tena. Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja, hana hata bango. Hakugusa injini. Alipiga magoti, akachungulia chini ya bampa, akaniuliza: "Mwanangu, ile plastiki ya chini ya rejeta iko wapi?" Nikamwambia, shikamoo mzee, walionifungia bodikiti waliitupa, walisema haikai. Akacheka. "Sasa upepo unaingia mdomoni unatokea kwapani. Hiyo rejeta inakula nini?"

Akachukua dumu tupu la mafuta ya kula, akalikata, akalifunga pale chini kwa nyaya. Nafasi za pembeni ya rejeta akaziziba kwa sponji ya godoro. Nimefika Moro mshale umelala katikati.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma habari za watu waliowahi kupigana na upepo kabla yangu. Ndiyo nikakutana na stori ya vijana wa London kaskazini. Majina yao nimeyaacha makusudi, maana leo staa ni gari, na mkiyajua mtayamwaga wenyewe kwenye komenti.

DALALI ALIYEBAKIWA NA GARI LISILOUZIKA

Tuanze mwaka 1947. Kuna kijana anasoma uhandisi chuo kikuu pale London. Boom halitoshi, kwa hiyo pembeni anapiga mishe: ananunua magari yaliyotumika, anayauza. Vita vimeisha miaka miwili tu, magari mapya hayapatikani, biashara inalipa kishenzi.

Halafu mwishoni mwa mwaka huo serikali ikaondoa mgao wa petroli kwa magari ya matembezi. Fikiria wewe ni dalali na ghafla wateja wako hawawezi kupata mafuta. Bei zikaanguka. Kijana akauza stoku yake kwa hasara, akabakiwa na gari moja ambalo hakuna aliyelitaka: Austin 7 kuukuu, injini ya cc 747. IST ya kitaani ina 1300 au 1500, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Wengine wangelitelekeza. Yeye akaomba banda la gari nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, mtaa wa Muswell Hill, akaanza kulivua. Bodi ya zamani akaitupa, akajenga nyingine kwa mbao za plaiwudi zilizobandikwa bati jepesi la aluminiamu. Mwaka 1948 gari likawa tayari, akaenda nalo kwenye mashindano ya kupanda vilima vya matope. Akaliita Lotus.

Mwaka 1952 akafungua kampuni kwenye mazizi ya zamani ya farasi, nyuma ya baa aliyokuwa akiiendesha baba yake. Mtaji? Pauni 25 alizokopeshwa na mchumba. Wadada, mnaona? Kuna uwekezaji mwingine hauonekani kwenye picha.

Na msifikiri aliacha kazi. Mchana alikuwa mhandisi kwenye kampuni ya aluminiamu, usiku yuko zizini anachomelea. Wenzake nao walikuwa hivyo hivyo. Magari ya kwanza waliyouza kwa wingi, Lotus Mark VI, yalitoka kama vipande: unanunua, unabeba, unajiunganishia nyumbani, na kwa njia hiyo unakwepa kodi ya manunuzi ya gari jipya. Yakatoka kama 100 hivi, na jumapili yanashinda mbio za kilabu.

UKUTA USIOONEKANA

Sasa shida ikaja. Mark VI lilikuwa jepesi na linakata kona vizuri, lakini ukilitazama mbele lilikuwa kama kabati lenye magurudumu. Pua imesimama wima, taa ziko nje, matairi ya mbele yako nje yamefunikwa na vimadigadi vyembamba. Kwenye kona linakimbia, kwenye barabara iliyonyooka linaanza kuhema.

Sababu ni hesabu ndogo ambayo wengi wetu hatuambiwi gereji. Kasi yako ikizidi mara mbili, upepo unakurudisha nyuma kwa nguvu mara nne. Na nguvu ya injini inayotakiwa kuushinda upepo huo inafika mara nane. Yaani kutoka kilomita 80 kwenda 160 kwa saa, upande wa upepo peke yake unahitaji farasi mara nane ya wale uliokuwa nao.

Tajiri anatatua hilo kwa kununua injini kubwa. Wale vijana hawakuwa na hela ya injini kubwa. Kilichobaki ni kumpunguzia upepo pa kushika.

KAKA MTU WA NDEGE

Mmoja wa vijana wa zizini alikuwa anafanya kazi kiwanda cha ndege cha de Havilland, na kaka yake naye yuko kampuni hiyo hiyo, kitengo kinachohusika na jinsi upepo unavyopita kwenye ndege. Kaka mtu hakuwa mpenzi wa magari kihivyo. Mdogo wake akamfikishia wazo la bodi mpya, naye akalichora upya kwa akili ya ndege.

Kilichotoka ni Lotus Mark VIII ya mwaka 1954. Wadau, itafuteni picha. Pua ndefu imelala chini kama samaki, magurudumu yote yamefunikwa, mkia mrefu, na juu ya mkia kuna mapezi mawili yamesimama. Mapezi yale watu waliyaona kama mbwembwe, kumbe yana kazi: upepo wa pembeni ukiligonga gari lenye pua ndefu unataka kuligeuza, na mapezi ya nyuma yanalinyoosha, kama manyoya ya mshale.

Bodi yenyewe ilitengenezwa na mafundi bodi wa hapo hapo London kaskazini. Hakuna mashine ya kutoa bodi kwa mkupuo mmoja. Ni bati la aluminiamu, nyundo ya mbao, mfuko wa mchanga na macho. Unagonga, unapima, unagonga tena. Mchoro wa mtaalamu wa ndege ungebaki karatasi kama si mikono ile.

MDOMO MDOGO, TUMBO KUBWA

Hapa ndipo pazito, na ndipo nilipomkumbuka mzee wa Chalinze.

Ukilifunika gari zima ili upepo usilishike, unapata tatizo jipya: injini inapikwa. Rejeta inataka upepo. Breki zinataka upepo, maana gurudumu likiwa wazi breki inapoa yenyewe, ukilifunika umeifungia breki kwenye oveni. Dereva naye anataka kupumua. Lakini kila tundu unalofungua linarudisha ule ukinzani uliokuwa unaukimbia. Kwa hiyo mjenzi yuko katikati ya wake wenza wawili, mmoja anasema fungua, mwingine anasema funga.

Watu wa ndege walikuwa wameshapita hapo. Tangu miaka ya 1930 walijua kwamba rejeta haihitaji mdomo mkubwa, inahitaji njia. Njia nzuri ina sehemu tatu.

Kwanza, mdomo mdogo kuliko rejeta yenyewe. Nyuma ya mdomo njia inatanuka polepole mpaka kuifikia rejeta. Upepo ukiingia kwenye nafasi inayotanuka unapunguza mwendo na kupanda presha, kwa hiyo unapenya kwenye vipezi vya rejeta taratibu na kuchukua joto vizuri. Ukiutanua ghafla unavurugika, unazunguka zunguka humo humo.

Pili, kuziba. Upepo ni kama mwanafunzi mvivu: ukimwachia mlango wa pembeni hapiti darasani. Nafasi ya vidole viwili pembeni ya rejeta inatosha kuufanya upepo mwingi uikwepe rejeta.

Tatu, na hii wengi wanaisahau, pa kutokea. Hewa ya moto isipopata pa kutokea, ya baridi haiingii. Na inatakiwa itokee mahali ambapo presha ni ndogo, ili nje kuwe kunavuta na ndani kunasukuma. Ndege ya kivita ya Mustang, ile ya Vita ya Pili, ilikuwa na rejeta tumboni iliyofuata kanuni hii: hewa ikishapata joto inatoka nyuma kwa kasi na kurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea njiani.

Kwa hiyo mzee alipoziba kwa sponji na dumu, alikuwa anafanya sehemu ya pili ya somo. Ile plastiki "isiyokaa" niliyoitupa ilikuwa ukuta wa njia.

SIKU YA SILVERSTONE

Julai 1954, uwanja wa Silverstone, siku ya British Grand Prix. Kabla ya mbio kubwa kuna mbio za magari ya spoti, na kwenye daraja la cc 1500 ipo Porsche ya kiwanda kutoka Ujerumani, na dereva wake wa kulipwa. Kijana wetu yuko kwenye usukani wa Mark VIII, injini ya MG nyuma ya ile pua ya samaki. Huyu jumatatu anatakiwa kuripoti kazini.

Akamaliza mbele ya Porsche.

Msiniambie ilikuwa bahati. Ila pia tusidanganyane kwamba gari lilikuwa kamili. Fremu yake ya vyuma ilikuwa imesukwa kwa pembetatu kila upande, ngumu na nyepesi, lakini kutoa injini na kuirudisha ilikuwa mateso. Bodi iliyofunika kila kitu iliwafunikia mafundi pia. Gari la mbio likiharibika una dakika, huna siku.

Walijifunza. Mwaka mpya wa 1955 kijana na yule mdogo mtu wakaacha ajira, wakaingia kwenye gereji yao moja kwa moja. Mwaka 1956 wakatoa Lotus Eleven, ambayo pua yote inafunguka na mkia wote unafunguka, kila kitu unakigusa. Ilikuwa fupi kwenda juu na nyembamba, na injini yake ilikuwa Coventry Climax, ambayo asili yake ni injini ya pampu ya zima moto. Kweli kabisa, ya kuzimia moto. Ilikuwa nyepesi ili wanaume wawili waweze kuibeba, na wepesi huo ndio uliowavuta watu wa mbio.

Juni 1957 wakaenda Le Mans, saa 24 za kukimbia mchana na usiku. Eleven ya cc 1100 ikashinda daraja lake. Nyingine yenye injini ya cc 744 ikabeba tuzo ya gari lililofanya vizuri zaidi kulingana na ukubwa wa injini yake, tuzo ambayo Wafaransa walizoea kuibakiza nyumbani. Rudi juu kidogo. Ile Austin iliyokosa mteja ilikuwa na cc 747. Miaka tisa baada ya banda la wakwe, kwa injini ndogo hata kuliko ile, wamesimama Le Mans. Injini ilikuwa imeboreka, sikatai. Lakini ni bodi iliyofanya nguvu kidogo iende mbali.

Na kaka mtu wa ndege? Aliitwa kuchora bodi ya Vanwall, gari la Grand Prix, fremu ikachorwa na kijana wetu. Ubavuni mwake wakaweka matundu yaliyozama, yale yenye umbo kama la chupa iliyolala, yaliyobuniwa Marekani kwa ajili ya ndege: yananyonya hewa bila kutokeza nje. Mwaka 1958 Vanwall ikachukua ubingwa wa kwanza kabisa wa watengenezaji. Leo umbo hilo linauzwa kama stika za kubandika kwenye boneti. Hata mimi nilikuwa nayo. Msicheke.

UPANDE AMBAO HATUUPOSTI

Stori ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini haikuishia hapo.

Mmoja wa madereva wawili wa ile Eleven iliyoshinda daraja la 1100 pale Le Mans alifariki mwezi uliofuata, Reims, akiwa kwenye Lotus Eleven. Gari jepesi lina nyama chache za kukulinda.

Mwaka 1970 kampuni ile ile ikatoa Lotus 72. Rejeta ilihamishwa kutoka puani ikawekwa mbili ubavuni, pua ikawa bapa kama patasi. Jibu jipya kwa ugomvi wa wale wake wenza. Gari likawa tishio. Septemba mwaka huo, Monza, kwenye mazoezi kabla ya mbio, mabawa yalitolewa ili kupunguza ukinzani na kupata kasi zaidi barabara nyoofu. Dereva wao namba moja akapata ajali kwenye breki, akafariki. Uchunguzi baadaye ulitaja shafti ya breki na vizuizi vya pembeni vilivyofungwa vibaya. Pointi zake hazikufikiwa na mtu, akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Mpaka leo ni yeye peke yake.

Nayasema haya kwa sababu kila gramu unayotoa na kila tundu unaloziba lina bei, na anayelipa si lazima awe yule aliyechora.

SASA WEWE NA KAGARI KAKO

Najua wengi humu hamjengi gari la Le Mans. Lakini mnabadilisha bampa. Kwa hiyo chukueni haya bure.

Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Likitulia kwenye foleni na kuchemsha ukikimbia, kagua rejeta iliyoziba na njia ya upepo. Kabla hujakubali themostati itolewe, chungulia chini ya bampa.

Plastiki na sponji zinazozunguka rejeta si takataka. Fundi akikuambia hazikai kwenye bampa jipya, basi bampa ndilo halikai.

Wale mnaoinua boneti kwa nyuma kwa washa mbili tatu ili joto litoke: ukiwa umesimama, kweli linatoka. Ukikimbia, sehemu ya chini ya kioo cha mbele ina presha kubwa, kwa hiyo upepo unaweza kuingilia hapo hapo ulipodhani unatokea. Tundu la kutolea joto linafaa zaidi mbele kidogo, juu ya boneti, nyuma ya rejeta.

Ukitaka kuuona upepo kwa macho, tumia mbinu ya watu wa ndege: kata vipande vya uzi wa sufu, bandika kwa selotepu juu ya boneti na ubavuni, tafuta sehemu ya wazi isiyo na watu, mwenzako akurekodi kutoka gari jingine. Uzi uliolala na kutulia, upepo umeshika bodi. Uzi unaocheza singeli, hapo upepo umevurugika. Hiyo haifiki hata elfu tano.

Mzee wa Chalinze alinitoza elfu kumi na tano, dumu na sponji vikiwa juu yake. Bodikiti ilinigharimu mara nyingi zaidi ya hapo. Nimerudi kuangalia picha za siku ile: nina selfi na spoila, nina selfi na rims, mzee hayumo hata kwenye moja. Jina lake sikumuuliza. Ni kama wale mafundi bodi wa London kaskazini: bati walilogonga liko makumbusho, wao wanajulikana na wachache.

Nikipita tena njia ile nitasimama. Safari hii nitamuuliza jina.

Haya, uwanja wenu: nani ameshawahi kutoa themostati akajuta? Na nani anamjua fundi wa kitaani anayeelewa upepo kuliko wenye bango kubwa? Mtajeni kwenye komenti, jina na mtaa, apate wateja.